Alfajiri imekuwa kimya kihambani: je, ndege wakipungua msitu utakufa?

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho, Kilimanjaro, na kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, hakiko mbali na mpaka wa msitu. Nilipoolewa hapa, alfajiri ndege walikuwa wanapiga kelele mpaka watoto wanaamka. Siku hizi kuna asubuhi nasikia jogoo na pikipiki tu. Mwanangu aliyeko Arusha anataka tukate miti ya asili, miringaringa na misesewe yote, tupande parachichi za kisasa. Anasema ndege hawana faida, wanaharibu matunda. Jirani yangu anasema ndege wakiisha msitu utakufa na mfongo, mfereji wetu wa maji kutoka mlimani, utakauka. Mwingine kanisani anasema ndege hawajapungua, wamehamia juu mlimani kwa sababu ya joto. Nani anasema kweli? Nikiwamwagia mtama watarudi? Na mimi mtu mmoja naweza kufanya nini?*

Shikamoo, mwalimu. Katika hao watatu hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja ameshika kipande. Jirani yako ameona hatari ya kweli lakini amekosea inavyokuja. Mwanao ana haki ya kutaka kihamba kilete fedha, ila kuhusu ndege na parachichi hajaelezwa vizuri. Na yule wa kanisani yuko karibu na ukweli kuliko wengi wanavyodhani. Nianze na jirani, kwa sababu hofu yake ndiyo inayokunyima usingizi.

Msitu wa Kilimanjaro hautakauka kwa sababu ndege wameacha kuimba. Mti uliokwisha kukua hauhitaji ndege ili uendelee kuishi. Unahitaji udongo, maji na mwanga. Hata ndege wote wa mlimani wangetoweka leo, mwaka ujao ungeinua macho kutoka Kibosho ukaona kijani kilekile, na mawingu yameulalia msitu kama kawaida. Mfongo nao ni vivyo hivyo. Msitu unalisha chemchemi kwa kunasa mvua na ukungu, na kwa udongo wake wenye mboji unaonyonya maji taratibu badala ya kuyaacha yaporomoke. Ndege hawamo moja kwa moja katika kazi hiyo. Maji yakipungua mwaka huu, tazameni kwanza mvua ilivyokuwa, mabomba yaliyowekwa huko juu, mfereji usiosafishwa, miti iliyokatwa kwenye chanzo, na moto.

Tatizo lenyewe limejificha mahali pengine. Msitu uliopoteza ndege wake unafanana na ukoo wenye wazee wengi wenye afya na hakuna watoto. Ukipita barabarani unaona nyumba zimejaa watu. Inabidi uingie ndani uulize watoto wako wapi. Miti ya msituni inaishi miaka mingi sana, mingine mamia, kwa hiyo mimi na wewe tunaweza kuzeeka na kuondoka msitu ukiwa bado unapendeza machoni, wakati chini ya kivuli chake miche ya aina kadhaa imeshakoma kuota.

Kwa nini ikome? Katika misitu ya joto kama yetu, sehemu kubwa ya aina za miti, kwa makadirio yanayokubalika asilimia 70 hadi 90, hutegemea wanyama kubeba mbegu zao, na ndege ndio wabebaji wakubwa. Chukua mringaringa wako mwenyewe. Matunda yake madogo ya manjano yenye utamu wa kunata hayakuwekwa pale kwa bahati. Ni malipo. Shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, akila tunda dogo la msituni, nyama yake humeng'enywa na mbegu hutoka nzima, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Kwa wakati huo ndege ameshahama mti. Mbegu imeangushwa mahali pengine, imesafishwa, na ina samadi kidogo pembeni.

Wengi hudhani mbegu ikianguka chini ya mama yake inatosha. Haitoshi, na hili ndilo fundo la jambo lote. Chini ya mti mama ndipo wanapokusanyika maadui wote wa aina ile ya mti: kuvu wa udongoni wanaoozesha miche yake, wadudu wanaotoboa mbegu zake, panya waliojifunza kwamba chakula kinaanguka pale kila mwaka. Mbegu mia zikirundikana pale, maadui hawana kazi ya kutafuta. Wanasayansi wawili, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kwa upande wake, walilieleza jambo hili kwa namna inayofundishwa vyuoni hadi leo. Mbegu iliyobebwa hata hatua ishirini tu ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa mti.

Na si nadharia ya mbali. Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha kazi waliyoifanya Usambara Mashariki, hapa kwetu Tanzania, juu ya mti mmoja wa msitu ule uitwao Leptonychia usambarensis. Walilinganisha msitu mpana na vipande vidogo vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba. Kwenye vipande vidogo, ndege wanaokula matunda ya mti ule walikuwa wachache, mbegu nyingi zilibaki chini ya mama, na miche iliyoota mbali na mti mama ilipungua sana. Miti mikubwa ilikuwa bado imesimama. Mtu anayepita angesema msitu ni mzima.

Kama unataka kuona mwisho wa barabara hii, kuna kisiwa cha Guam katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingia huko, kwa meli za mizigo, nyoka wa kahawia apandaye miti. Ndege wa kisiwa kile hawakuwahi kuishi na nyoka wa namna hiyo. Ilipofika miaka ya 1980, kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, kumi zilikuwa zimekwisha. Watafiti waliochunguza aina mbili za miti huko walitangaza mwaka 2017 kwamba kuota kwa miche mipya kumeshuka kwa asilimia 61 hadi 92 kwa kukosa ndege. Na buibui? Katika majira ya mvua walikuwa mara 40 kuliko visiwa jirani vyenye ndege, kwa hesabu iliyochapishwa 2012. Msitu wa Guam bado upo. Una kijani, una kivuli. Lakini ni msitu unaobadilika kuwa kitu kingine, na hakuna atakayeurudisha kwa urahisi.

Kwa hiyo mjibu jirani hivi: msitu hautakufa, utabadilika. Miti yenye mbegu kubwa itatangulia kupungua, kwa sababu mbegu kubwa inahitaji mdomo mpana. Hondohondo na shorobo wa kijani mwenye mabawa mekundu wanameza vitu ambavyo shore hawezi. Hao si waimbaji, lakini wanakwenda pamoja nao katika hesabu hii. Baada yao wanafuata waimbaji wa msituni wenye miili ya wastani, kama kwezi wa Abbott, dume lake kichwa na kifua vya buluu iliyokoza karibu na weusi, tumbo jeupe. Ndege huyo duniani kote yuko katika misitu ya milimani ya Kenya na kaskazini ya Tanzania tu, Kilimanjaro ikiwamo, na ameshawekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Wanaobaki mwisho ni wadogo wanaostahimili mashamba, na miti itakayostawi ni ile ya mbegu ndogo au mbegu za upepo. Msitu wa namna hiyo una aina chache, na msitu wenye aina chache ukipigwa na ugonjwa au ukame hauna akiba.

Niongeze jambo ambalo wapenda ndege wenzangu wakati mwingine hulisahau: ndege hachagui mbegu njema. Huko Amani, Usambara, uliletwa mti uitwao Maesopsis eminii, wa asili ya Afrika ya Magharibi na Kati mpaka upande wa Kagera ambako wanauita msizi. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakausambaza ndani ya msitu wa asili mpaka ukawa kero kubwa. Mapera na lantana nayo hupandwa na ndege kila siku. Ndiyo maana kile unachokipanda kihambani karibu na mpaka wa msitu kina uzito kuliko unavyofikiri. Ndege atakula kwako, atakwenda kuacha mbegu huko.

Sasa tuje kwa mwanao. Anasema ndege hawana faida. Hapa nina jibu lililopatikana kwenye mteremko wenu wenyewe. Alice Classen na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio walilolifanya kusini mwa Kilimanjaro, kuanzia vihamba vya asili hadi mashamba makubwa ya kahawa yenye kivuli na yasiyo na kivuli. Mibuni mingine waliizungushia nyavu ili ndege na popo wasiifikie, mingine wakaiacha wazi. Iliyoachwa wazi ilishika matunda zaidi kwa takriban asilimia 9. Wadudu wachavushaji nao waliongeza uzito wa kila tunda kwa takriban asilimia 7. Asilimia tisa ile ni ya ndege na popo kwa pamoja, ndege wakifanya zamu ya mchana na popo ya usiku, kwa hiyo msiwafukuze popo mkidhani mmeokoa kitu. Sehemu nyingine duniani tofauti imekuwa kubwa zaidi: huko Sulawesi, Indonesia, mavuno ya kakao yalishuka kwa asilimia 31 ndege na popo walipozuiwa, na huko Costa Rica ndege walipunguza mashambulizi ya ruhuka, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni, kwa karibu nusu.

Inavyotokea ni rahisi kuona ukikaa kibarazani. Ndege wadogo wengi, hata wale unaowajua kama wala nafaka kama mnana, huwalisha makinda wao wadudu, kwa sababu kinda anahitaji protini ili aote manyoya haraka. Jozi moja yenye makinda inapita kwenye majani tangu mapambazuko hadi jioni ikiokota viwavi. Yule kandege ka kijani na manjano mwenye duara jeupe jichoni, ambaye aina yake moja inapatikana Kilimanjaro, Meru na milima ya jirani peke yake, hupekua jani moja moja juu na chini. Kazi hiyo hakuna anayeilipia. Ndani ya msitu ni vilevile: wala viwavi wakipungua, wadudu wala majani huongezeka, na miche, ambayo ina majani machache ya kupoteza, ndiyo inayoumia kwanza.

Kuhusu parachichi zenyewe, mwanao ataona tofauti akikumbuka jambo moja: parachichi haliivi mtini. Linakomaa likiwa gumu, linachumwa gumu, linalainika baada ya kuchumwa. Ndege ana nini cha kufanya na tunda gumu kama jiwe? Kuzumburu, wale wa kijivu wenye mikia mirefu wanaotembea makundi, ni kweli wanashambulia mapapai, nyanya na machipukizi, na anayelima hivyo ana sababu ya kulalamika na kuweka wavu. Lakini kwa parachichi za kuuza nje, sababu ya ndege iondoke mezani.

Kuna sababu yake nyingine ambayo siwezi kuipuuza. Parachichi za kisasa zinahitaji jua, na chini ya mringaringa mkubwa hazitazaa vizuri. Hata kahawa, kivuli kikizidi, unyevu unakaa, ugonjwa wa chulebuni unapata nafasi na mdudu kimatira anajificha kwenye majani yaliyosongamana. Kwa hiyo sitakwambia usikate tawi. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kihamba chako, ningemgawia kijana upande mmoja wenye jua, ikiwezekana ule ulio mbali na msitu, apande parachichi zake kwa nafasi nzuri. Upande wa juu unaotazama msitu ningeuacha na miti ya asili, nikiipogolea ili jua lichuje. Miti ambayo ingenitoa machozi kuiona inakatwa ni mringaringa, msesewe, mikuyu ya aina zote, na mkondekonde kama mnao. Mkuyu hasa, kwa sababu mikuyu tofauti huzaa nyakati tofauti, na kuna miezi ambayo ndege hawana tunda jingine.

Mgrivea nao una nafasi yake. Unakua haraka, mbao na kuni zinapatikana, na chozi, wale ndege wadogo wanaokunywa maji matamu ya maua, wanayapenda maua yake. Ila mbegu zake ni kavu za kupeperuka na upepo. Hauna tunda la kumlisha shore wala kwezi. Kihamba chenye migrivea mitupu kina miti, lakini kwa ndege wala matunda ni sawa na hakuna. Changanyeni. Na masale, ile mimea ya uzio mpakani, msiyang'oe muweke ukuta wa tofali. Yanatoa matunda madogo, yanaficha viota, na mnajua wenyewe yana heshima gani mlimani kwetu.

Chozi nilikuwa karibu kuwapita. Ndio wachavushaji wa maua mengi mekundu na ya chungwa, na huko juu kabisa, zaidi ya msitu, kuna chozi wa kijani anayeng'aa ambaye maisha yake yamefungamana na malobelia makubwa. Kwenye migomba yako wanakunywa tu maji matamu ya ua. Mgomba wetu hauhitaji mbegu.

Yule wa kanisani sasa. Kwamba joto linawasukuma ndege juu si uvumi. Usambara kuna kumbukumbu nzuri kuliko karibu mahali popote Afrika: William Newmark amekuwa akinasa ndege kwa nyavu laini huko, akiwavisha pete miguuni na kuwaachia, tangu 1987. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha hali ya 1979 hadi 1981 na ile ya 2019, ulionyesha ndege wengi wa milimani huko wamepanda juu kidogo. Lakini "wamehamia juu" isitufariji. Msitu wa Kilimanjaro una dari: ukifika kama mita 3,000 miti mirefu inaanza kuisha, na mioto ya mara kwa mara imeshusha mpaka huo. Kadiri unavyopanda, mlima unakuwa mwembamba na nafasi inapungua. Ndege aliyehama kihambani kwako hajapata kiwanja kipya huko; amekwenda kusongamana na wenzake.

Kabla hatujakubaliana kwamba ndege wako wamepungua, naomba tujihoji mambo mawili. La kwanza ni majira. Ndege huimba sana wanapotaka kuzaliana, na hapa kwetu hilo linaendana na mvua. Mwezi wa saba, wakati wa baridi na mawingu, hata msitu mzima huwa kimya. Isitoshe, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne tunakuwa na wageni kutoka Ulaya na Asia, ambao wakiondoka hupunguza idadi. La pili nalisema kwa heshima: umri ukisogea, masikio huanza kupoteza sauti nyembamba za juu kabla ya nyingine, na sauti za ndege wadogo wengi ziko huko huko. Mchukue mjukuu kibarazani alfajiri umuulize anasikia nini.

Kisha hesabuni. Simameni mahali palepale, muda ni ule wa jua kuchomoza, dakika kumi, andikeni kila aina mnayoiona au kuisikia, hata kama jina hamlijui; "wa kifua cha chungwa, nyusi nyeupe" inatosha, na huyo pengine ni kurumbiza. Rudieni masika, kiangazi na vuli, mwaka kwa mwaka katika wiki zilezile. Daftari hilo, likiwekwa na mwalimu aliyezoea kuweka mahudhurio, litakuwa na thamani kuliko kumbukumbu za watu wazima kumi. Na kwa upande wa msitu, chunguzeni chini badala ya juu: anzeni kwenye shina la mti unaozaa matunda, mtembee kutoka hapo mkitafuta miche yake. Ikiwa yote imejazana chini ya mama na mbali hakuna kitu, mmeiona dalili ninayoizungumzia.

Mtama, mwalimu, hapana. Utawavuta njiwa, mnana na chiriku, ambao hawakuwa na shida, pamoja na panya. Wala matunda na wala wadudu, yaani wale tunaowalilia, hawatakuja kwa mtama. Chombo kipana cha maji ya kina kifupi kinasaidia zaidi wakati wa kiangazi, mradi umwage na kubadilisha kila siku ili mbu wasizaliane.

Yanayopunguza ndege kihambani ni ya kawaida sana, na hapo ndipo mtu mmoja ana uwezo. Manati ya watoto: jiwe moja wakati wa mayai linaweza kumaliza kiota kizima, na ndege wetu wengi hutaga mayai mawili au matatu tu. Wewe ni mwalimu, unajua namna ya kusema na watoto bila kuwafokea. Wape kazi ya daftari. Paka wanaozurura nao wanaua. Lakini zaidi ya vyote ni dawa za kupulizia. Endosulfani, iliyotumika miaka mingi kwenye kahawa dhidi ya ruhuka, iliingizwa mwaka 2011 katika Mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zinazodumu. Dawa ya kuua kila mdudu inaua pia chakula cha makinda, na ndege anaondoka hata kama sumu haijamgusa. Sikwambii uache kudhibiti wadudu. Nakwambia anza na yasiyo sumu: kupogoa mibuni ili kimatira asipate pa kujificha, kuokota buni zote zilizoanguka na zilizoivia mtini kwa sababu ruhuka huendelea kuishi humo, kuchuma mara kwa mara. Aina mpya za kahawa kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, zinastahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo hata dawa ya mrututu unaweza kuipunguza. Dawa iwe ya mwisho, ipulizwe pale palipo na tatizo, isipulizwe wakati maua yamefunguka.

Mambo mengine hayamalizwi kwa maandishi. Kabla hamjakata mti wowote wa asili, hata ulio wenu, nendeni kwa afisa misitu wa wilaya muulize kuhusu kibali. Mwanao aende mwenyewe. Mpangilio wa kahawa, kivuli na parachichi katika kihamba kimoja unahitaji mtu aje aone mteremko na udongo, na afisa ugani au watu wa Lyamungo wanaweza kufanya hivyo. Kuwatambua ndege, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka hakiko mbali nanyi, na walimu wake wanawafahamu ndege wa mteremko huu. Mkiona mitego, ulimbo au ukataji ndani ya msitu, ambao tangu 2005 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, toeni taarifa kwa uongozi wa kijiji au kwa askari wa hifadhi, msiende kugombana wenyewe.

Na mkikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja kwa siku moja, msisubiri kuniandikia. Msiwashike kwa mikono mitupu, msiwape paka wala mbwa, waondoeni watoto na kuku eneo hilo, na mpigieni afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Huenda ni ugonjwa, huenda ni sumu. Kama kuna shamba lililopulizwa karibu, andikeni jina la dawa kutoka kwenye kopo lake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Ngaramtoni, Arusha, itataka kulijua kabla ya jambo jingine lolote.